Wasukumaji wa Gari la Mzee Luhende

Vijana wa ofisini, mlinitumia ujumbe mkitaka niwaandikie "chochote kuhusu kazi, mama, hata kurasa mbili." Nilielewa mara moja. Ni ile adabu ya kumpa mstaafu kitu cha kufanya asije akawa anapita ofisini kila siku kuulizia chai. Nawashukuru. Nimekaa barazani kwangu Nyahanga, redio nimeipunguza sauti, na naandika. Vyeo sitavieleza maana havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia.

Niseme kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu usichana, wenzangu wakienda harusini mimi najitolea kulinda nyumba, hata kama hakuna cha kuibiwa. Mtu wa namna hiyo akaangukia kazi ya kukagua madai ya ajali za magari, Kahama mpaka Geita, Ushirombo mpaka vijiji ambavyo hata dereva wetu alikuwa anavifikia kwa kuuliza. Nusu ya maisha yangu nimechuchumaa pembeni mwa barabara nikipima alama za matairi, ng'ombe wananitazama.

Nilitoka Muheza na cheti cha kidato cha nne, nikaajiriwa kupiga chapa kwenye kampuni yetu ya bima hapa Kahama. Mume nilikuwa naye. Alisema atanifuata nikishatulia. Nikatulia, na yeye akatulia huko huko, ila kwa mwingine. Mtoto hatukujaliwa.

Hilo la mtoto lilileta tabu ambayo sikuitarajia. Huku mwanamke mtu mzima haitwi jina lake, ni Mama Kulwa, ni Mama Shija. Mimi watu walihangaika namna ya kuniita. Nikawa "yule mama wa bima", halafu kwa kufupisha nikawa Mama Bima. Wapo walioamini kabisa kwamba nina mtoto anaitwa Bima. Muuza maandazi mbele ya ofisi alijua ukweli, lakini kila asubuhi ananiuliza, "Bima hajambo?" Namjibu, "Hajambo, yuko bweni." Tunacheka. Jioni nafungua mlango wangu, na Bima hajarudi likizo.

Aliyenitoa kwenye mashine ya chapa ni marehemu Mzee Chilumba, mkaguzi wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya padri. Alikuwa akileta ripoti zake nipige, nami nikawa namwuliza maswali: mzee, hapa unasema gari liligongwa kushoto, mbona chini unasema taa ya kulia ndiyo iliyovunjika? Siku moja alichoka, akaenda kwa meneja akasema huyu mama aende naye barabarani akajionee mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa trekta na basi dogo, njia ya Ushirombo, masika. Nilivaa viatu vya ofisini. Tope likala kimoja, nikakagua ajali nzima kwa mguu mmoja kama korongo. Mzee Chilumba hakucheka mbele yangu, kwa hilo namwombea mpaka leo. Kesho yake aliniletea viatu vya mpira vya mkewe, akasema nisivirudishe. Ninavyo bado.

Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye semina. Ukifika, fagia vumbi kwanza ndipo uone alama. Nilibeba ufagio wa chelewa, futi kamba, chaki na kioo kidogo cha kutazamia chini ya gari. Ninyi mna simu zinazopima na kupiga picha, lakini sijaona simu inayofagia. Usimwulize dereva nani mwenye kosa, maana jibu lake unalo kabla hujatoka ofisini. Mwulize alikuwa anakwenda wapi, kabeba nini. Na kubwa kuliko yote, mtu akipona, mrudishe pale pale. Alisema mtu akisimama mahali alipogongewa, mdomo unaweza kukosea lakini mikono itaonyesha.

Kitu ambacho hakunifundisha, labda kwa huruma, ni upweke wa kazi yenyewe. Kazi hii ni ya kufika wakati wote wameshaondoka. Majeruhi wamepelekwa hospitali, askari wamerudi kituoni, hata wale waliokuja kushangaa wamekwenda zao. Unabaki wewe na vipande vya vioo. Na mjini pia hupati wa kukaa naye. Hotelini ukiagiza wali maharage, aliyekataliwa dai lake anakununia, aliyelipwa anaogopa kuonekana na wewe watu wasije wakasema mliongea. Meza yangu ilikuwa na viti vinne siku zote, na vitatu nilivijua vizuri kwa kuvitazama.

Sasa niwape dai moja tu.

Mzee Luhende alikuwa mkulima wa vijiji vya kusini mwa machimbo ya Mwakitolyo. Aliuza ng'ombe wake, karibu zizi zima, akanunua pikapu ya kubebea mpunga wa watu kupeleka kwenye mashine za kukoboa kule machimboni. Wachimbaji wanakula sana, na biashara ilikuwepo. Lakini mnajua Msukuma kuuza ng'ombe anunue bati la kutembea maana yake nini. Wanawe wakubwa walimwambia waziwazi kwamba amepotea. Yeye akakata bima kubwa, jambo ambalo hata walimu hawafanyi, ili awaonyeshe kwamba gari nalo linaweza kulindwa kama zizi.

Mwisho wa kiangazi, asubuhi na mapema, pikapu ile na Fuso iliyobeba mawe ya dhahabu ziligongana karibu na kalavati, mahali ambapo hakuna nyumba wala kibanda. Alikuwa mwenyewe kwenye gari. Dereva wa Fuso naye alikuwa mwenyewe. Mashahidi hakuna, labda ndege. Pikapu ikawa chuma chakavu, na mzee akapelekwa hospitali na taya lililovunjika.

Askari wa usalama barabarani aliyechukua maelezo yake alikuwa kijana mgeni kutoka Kusini, mwenye heshima, hana hata miezi mingi huku. Aliandika alichosikia kutoka kwenye mdomo uliovimba: "Gari lilikuwa linasukumwa, mimi nilikuwa nimekwama." Mzee akasomewa, akakubali, akaweka dole gumba.

Mnaona tatizo. Kama pikapu ilikuwa imekwama na inasukumwa katikati ya barabara, basi kosa ni lake. Na kama ilikuwa inasukumwa, wako watu waliosukuma. Wako wapi? Meneja wetu alisema jibu liko wazi, mzee alikuwa amepakia abiria kwenye gari la mizigo, abiria wakashuka kusukuma, na sasa anawaficha kwa sababu bima yake hairuhusu abiria. Dereva wa Fuso alipohojiwa mara ya kwanza alisema hakuona vizuri kwa vumbi. Alipohojiwa mara ya pili akasema ndiyo, walikuwepo wasukumaji, wengi wengi.

Nilikwenda hospitali. Mzee alikuwa amefungwa taya kwa waya, anaongea kwa pua. Nikamwuliza polepole, "Mzee, gari lilikuwa linasukumwa?"

Akatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. "Sukuma. Sukuma."

"Wangapi?"

Akainua kidole kimoja.

Nikaandika: mtu mmoja. Halafu nikakaa nikifikiria ni mtu gani huyo anayeweza kusukuma peke yake pikapu iliyojaa magunia ya mpunga, na kama yupo, kwa nini hayuko kwenye maonyesho.

Nilikagua chuma chenyewe uani kwa polisi. Kona ya mbele ya kulia ilikuwa imeingia ndani mpaka kwenye usukani. Gia ilikuwa namba tatu. Nikasema hapa nimepata, gari la kusukumwa haliwekwi gia. Meneja akanikumbusha kwamba gari likisukumwa liwake linawekwa gia, hata yeye lake huwa analiwasha hivyo. Kweli. Betri ya pikapu ilikuwa imepasuka, hatungeweza kujua ilikuwa nzima au la. Kila kitu nilichokishika kilikubali pande zote mbili.

Basi nikaenda kuwatafuta wasukumaji. Kijiji cha kwanza baada ya kalavati nilikuta wanaume wamekaa kwenye benchi la fundi baiskeli. Nikawasalimia kwa Kisukuma changu chote, yaani "Mwadila", nao wakaitikia, wakaniuliza "Mhola?", nikasema "Mhola", na hapo akiba ikaisha. Nikawaeleza kwa Kiswahili kwamba natafuta watu waliosukuma, waliokuwepo siku ile.

Mmoja akamtazama mwenzake. "Wasukuma?"

"Ndiyo. Wasukuma gari."

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "Wasukuma hapa ndio sisi. Unamtaka yupi?"

Walicheka mpaka fundi akaangusha spana. Nilicheka nao, nikaondoka, na kijiji cha pili nikaulizwa hivyo hivyo, maana habari ilikuwa imenitangulia kwa pikipiki. Kwa muda nikawa kichekesho cha barabara ile. Mama anayetafuta Wasukuma Usukumani. Nilirudi Kahama nimejaa vumbi puani na sina jina hata moja. Dereva wetu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliniambia wakati nashuka, "Pole, Mama Bima. Kesho tukatafute Wachaga Moshi."

Meneja akaandika barua ya kukataa dai, akanipa niipitie kabla haijatoka. Barua ikiwa juu ya meza yangu, Mzee Luhende akaja mwenyewe. Waya zilikuwa zimetolewa, amekonda, koti limekuwa kubwa. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na nadhani aliona aibu nacho mbele ya mwanamke wa Tanga.

Nilimwambia hali si nzuri. Hakuuliza kwa nini. Alitazama kofia yake mkononi, akasema, "Wanangu hawanisalimii. Wanapita mlangoni, wanamsalimia mama yao. Nikikohoa wanajua nipo. Wanapita."

Nyumba ambayo mtu anakohoa na hakuna anayegeuka, naijua. Nikaiweka barua kwenye droo, nikaenda kwa meneja kuomba safari moja ya mwisho, niende na mzee mpaka pale pale kama alivyonifundisha Mzee Chilumba. Mara ya kwanza nilikuwa nimekwenda peke yangu yeye akiwa kitandani, nikafagia katikati ya barabara tu, ukingo ulikuwa umezikwa na vumbi. Meneja alicheka. Alisema hajawahi kuniona nikiomba safari tangu aanze kazi. Akasaini.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Tulifika kalavatini jua likiwa limepanda kidogo, nikavaa viatu vyangu vya mpira, nikachukua ufagio kwa mazoea, na nikaona hapana cha kufagia. Kila kitu kilikuwa kimeota majani. Mzee alikuwa ameshuka, anatembea ukingoni, mkono wa magharibi, kushoto kwa anayekwenda Mwakitolyo. Akasimama. Akachuchumaa.

"Mpunga wangu," akasema.

Nikasogea. Pembeni kabisa mwa barabara, mahali ambapo magurudumu hayapiti, kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na chuma cha gurudumu lililopasuka. Ulianzia ukingoni ukaingia mtaroni. Na ndani ya mfereji ule, na kuuzunguka, mpunga uliomwagika ulikuwa umeota, kijani kibichi, umesongamana kama kitalu. Magunia yalipasukia pale. Ng'ambo ya pili, upande ambao Fuso ilitakiwa kuwa, nilitafuta kwa macho na kwa mikono: majani ya kawaida tu, hata mche mmoja wa mpunga hamna.

Nikamwuliza kama nilivyofundishwa. Mzee, ulikuwa unatoka wapi?

Akageuka, akanyoosha mkono kule tulikotoka. "Mimi natoka dakama." Kisha akageukia upande wa Mwakitolyo, akanyoosha kidevu. "Gali linatoka sukuma. Likaja huku kwangu."

"Linatoka wapi?"

"Sukuma."

"Sukuma ni wapi, mzee?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa mjini aliyeuliza maziwa yanatoka duka gani. Akanyoosha tena kidevu, kaskazini. "Sukuma si ni kule? Na dakama huku. Ndiyo maana tunaitwa Wasukuma, mama. Watu wa kule. Hukujua?"

Sikujua. Miaka yote hiyo Kahama, mimi mtu wa Muheza niliyedhani Kiswahili nimezaliwa nacho mdomoni, sikuwahi kumwuliza mtu jina lake lina maana gani. Mzee alikuwa amemwambia askari, gari lilikuwa sukuma, mimi nilikuwa dakama. Yaani gari lilikuwa kaskazini, yeye alikuwa kusini. Na kile kidole kimoja cha hospitali kilikuwa gari moja.

"Ulisomewa maelezo, mzee. Ulikubali."

"Nilisomewa. Nikasikia sukuma. Nikasikia nyingine kama dakama. Nikasema ndiyo, ndivyo."

Nilikaa juu ya kalavati nikacheka. Niliwacheka wasukumaji, nilicheka benchi la fundi baiskeli, nilimcheka mtu mmoja mwenye nguvu za ajabu niliyemwandika kwenye faili. Kisha nikamweleza yeye, kwamba Kiswahili cha sukuma ni hivi, na cha kukwama ni hivi, na kijana wa polisi alisikia hivi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu wamekwenda na neno hilo?"

Nikaacha kucheka. Nikatoa futi kamba, nikampa ashike ncha moja.

Tulipima kila kitu. Yale mliyofundishwa yote tulifanya, na mzee alishika kamba bila kutikisika kuliko wasaidizi wengi niliopewa na kampuni. Nikapiga picha mpunga kutoka kila upande. Kisha nikaenda kwa yule askari kijana. Alikuwa muungwana. Alisema, "Mama, kwetu sukuma ni sukuma tu." Nikamwambia na kwetu pia. Akamwita mzee, akatafuta mkalimani, akachukua maelezo upya.

Akabaki dereva wa Fuso. Nilimkuta Mwakitolyo kwenye kibanda cha supu. Nilimwonyesha picha za mpunga, nikamwambia mzee hakukwama wala hakusukumwa, alisema kaskazini na kusini. Nikamwuliza wale wasukumaji wengi wengi aliowaona walikuwa wamesimama upande gani.

Alikoroga supu yake kwa muda. "Mama, mzee mwenyewe kasema amekwama. Mimi nani nimbishie mtu mzima?" Halafu, bila kunitazama, akasema vumbi la gari lililomtangulia lilikuwa zito na alitaka kulipita. Nikamwuliza kama atayasema hayo mbele ya askari. Akasema atayasema akimaliza supu. Nilimsubiri. Akayasema.

Meneja aliisoma ripoti yangu mara mbili, akaichana ile barua mwenyewe. Dai likakubaliwa. Sikwenda kumpelekea mzee habari, kampuni ina utaratibu wake, na mimi nilikuwa na ajali nyingine Geita. Nilisikia kwa dereva wetu kwamba alipolipwa hakununua gari. Alinunua ng'ombe. Nilikasirika kwa siku nzima. Nimekanyaga barabara ile yote kwa ajili ya pikapu, mtu anarudi kwenye zizi! Baadaye nikaambiwa ni wanawe waliokwenda naye mnadani kuchagua, nikanyamaza.

Siku chache kabla sijastaafu alikuja ofisini. Safari hii koti lilimkaa. Alisema hakuleta zawadi kwa sababu alisikia nikipewa zawadi nitafukuzwa kazi, amekuja tu kunieleza kitu. Katika ng'ombe alionunua, wa kwanza kabisa, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amempa jina.

"Nimemwita Bima," akasema. "Watu wanasema wewe mama yake, na hawajawahi kumwona."

Ofisi nzima ilicheka, ninyi mlikuwepo. Mimi nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Ningeishia hapo, lakini nikiwa naandika ukurasa huu simu imelia, na kwangu siku hizi simu hailii ovyo, mara nyingi ni mtandao unanikumbusha kifurushi kimeisha. Alikuwa Mzee Luhende. Hakuanza na salamu ndefu.

"Mama Bima, mwanao kazaa. Jike."

Nikamwuliza Bima hajambo. Akasema hajambo, amesimama, na ndama ananyonya. Akasema mjukuu wangu hana jina, wanangoja nifike. Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa safari, miguu, jua, unajua tena. Akaniacha nimalize. Akasema wanawe watanipokea njiani, nisihangaike kuuliza.

Nikamwuliza, nikishafika kwenye ile kalavati, nyumba yako iko upande gani.

"Dakama," akasema. "Ukifika sukuma umetupita."

Sikuuliza mara ya pili. Viatu vya mpira nimevitoa uvunguni nikavigonga vumbi. Viko hapa barazani karibu na kiti changu, vinapigwa jua.